Jaketi Lililopaswa Kuwa Kaburini

Nimeishi ukuta kwa ukuta na Thelma Pragnell miaka mingi, kiasi kwamba najua amefungua kabati gani kwa kusikia mlio wake tu. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Aldershot, mji wa kambi za jeshi huku Uingereza, mpaka alipostaafu, na ile sauti aliyokuwa akinyamazishia watoto ukumbini haijamtoka. Akikuita kutoka ng'ambo ya barabara, wanageuka na wasiohusika.

Watu wengine huweka ukutani picha za wajukuu. Thelma hakujaliwa watoto. Kwenye ujia wa nyumba yake, kuanzia mlango wa mbele mpaka jikoni, kuna fremu za kioo, na ndani ya kila fremu kuna mabawa. Ni zile beji za kitambaa ambazo askari wa miamvuli, wale wanaoruka kutoka kwenye ndege, hushona kwenye mkono wa kulia, juu karibu na bega: mwamvuli mweupe uliofunguka, na bawa la buluu hafifu kila upande. Mgeni akiingia huona kama beji moja imerudiwarudiwa. Shida huanza mgeni akilisema hilo kwa sauti, kama nilivyolisema mimi.

"Beji moja?" Thelma alinikazia macho. "Hayo macho umeazima? Njoo hapa."

Akanisimamisha mbele ya fremu ya kwanza, akanishika kiwiko kama mtoto aliyechelewa darasani.

"Hii ni ya wakati wa vita. Tazama uzi wake, umefifia kama maziwa yaliyokaa. Hii ni ya miaka ya hamsini, mabawa yamenenepa, naona na wao walikuwa wameanza kula vizuri. Hii ya kikosi cha siri, mabawa yamekatwa mraba, ndege gani ana mabawa hayo sijui. Na hii haina bawa hata moja, mwamvuli peke yake. Wenyewe wanaiita balbu. Wanapewa waliofaulu kuruka lakini hawamo kwenye kikosi cha miamvuli. Ungemsikia Desmond wangu anavyowacheka wenye balbu!"

"Desmond ni nani?"

Alikiachia kiwiko changu. "Mdogo wangu. Yake amezikwa nayo."

Siku ile hakusema zaidi. Mengine niliyapata kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, tukiwa tunaanika nguo au tunasubiri basi.

Mama yao alifariki Desmond akiwa bado anavaa kaptura, na Thelma ndiye aliyemlea. Baba alikuwepo, lakini alikuwepo baa zaidi. Kijana alipokua akaenda jeshini kama nusu ya vijana wa mji huu, na mwaka wa sabini na moja akarudi kutoka mafunzo ya kuruka akiwa na mabawa yake mfukoni. Hakuvua hata buti. Alisimama jikoni, jaketi la kurukia mkononi, lile la madoa ya kijani na kahawia, akasema, "Dada, shona. Shona sasa hivi."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Chai itakuwepo. Shona!"

Thelma akashona mbiombio, huku kijana anamkodolea macho juu ya bega. Uzi wa kaki ukaisha katikati, akamalizia na uzi wa kijani wa pazia la sebuleni. Kisha akapiga pasi, na pasi ilikuwa ya moto mno, ikaunguza ncha ya bawa la kushoto ikabaki rangi ya mkate uliokolea moto. Thelma alitaka kulia. Desmond alicheka mpaka akakaa chini.

"Sajenti akiuliza nitamwambia nimepita karibu na jua," alisema.

Alitumikia jeshi miaka kadhaa, akatoka, akawa fundi rangi wa nyumba, akamwoa Yvonne wa kule Farnham. Mwaka wa tisini na tatu saratani ilimchukua, hajafika hata miaka arobaini na tano. Thelma alilichukua lile jaketi, akalipeleka yeye mwenyewe kwa watu wa mazishi likiwa kwenye hanga. Aliwaambia mdogo wake alale na mabawa yake. Hakutaka kumwona maiti. Alitaka kumkumbuka akiwa na nyama mwilini. Jeneza lilikuja limefungwa, likashuka limefungwa. Jiwe la kaburi alililipia yeye, akaagiza wachonge mabawa juu ya jina.

Yvonne hakuwa akienda kaburini. Jambo hilo lilimkaa Thelma kooni kama mwiba wa samaki. "Wifi yangu yule," alikuwa akiniambia, "alimzika mume wangu Alhamisi, Ijumaa akamsahau." Alisema "mume wangu" kwa hasira tu, akajirekebisha: "mume wake." Walibaki kutumiana kadi za Krismasi zenye jina tu chini, basi.

Kukusanya beji kulianza mwaka uleule wa mazishi. Alipita kwenye meza ya muuza vitu vya zamani, akaona mabawa yanayofanana na ya Desmond, akayanunua kabla hajafikiri. Nyumbani akagundua hayafanani. Kamba za mwamvuli wa Desmond upande wa kushoto zilikuwa zimebanana, kama aliyedarizi alikuwa amechoka. Akaanza kutafuta zilizobanana vilevile. Katika kutafuta akajifunza mengine yote: kugeuza beji na kusoma mgongo wake, kunusa gundi, kumulika kwa taa ndogo ya zambarau. Uzi wa siku hizi ukimulikwa hung'aa kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki, lakini wa zamani hubaki kimya. Fremu zikajaa. Zilizobanana kama za Desmond hakuzipata.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi.

Ilikuwa Novemba, mvua ya manyunyu, na mimi ndiye dereva wake siku za gulio. Gulio la vitu vya jeshi hufanyika kwenye ukumbi wa michezo: meza ndefu, medali, kofia za chuma, chai kwenye vikombe vya karatasi, na harufu ya nyama ya nguruwe inayokaangwa kwa ajili ya mikate. Wauzaji wote wanamjua Thelma kwa jina la kwanza. Pale hakuna anayejua ubini wa mwenzake, na hakuna anayeuliza.

"Ficheni beji zenu, polisi kaja!" alipaza sauti Neville Sturgess tulipoingia. Neville ni bonge la mtu, aliwahi kuwa fundi wa malori, na ana meza kubwa kuliko wote.

"Zako huhitaji kuzificha," Thelma alimjibu. "Zinang'aa zenyewe gizani."

"Ilikuwa moja tu, Thelma! Moja! Na nilidanganywa mimi kwanza."

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi nilikuwa mgonjwa."

Jamaa wa meza ya pili alicheka mpaka chai ikampalia. Thelma alikuwa ameshatoa taa yake mkobani, anamulika kisanduku cha beji mojamoja. "Hii wamedarizi jana. Hii ni ya kweli, ila umeikata vibaya. Hii, Neville, hata nikiwa nimefumba macho ningeijua ni bandia."

"Haya, haya. Wacha hizo," Neville alisema. "Leo nimekuwekea kitu. Kimeingia wiki hii, sijakionyesha mtu. Nilitaka uwe wa kwanza kukigusa." Akageuka kwenye reli ya nguo iliyokuwa nyuma yake, akatoa jaketi la kurukia la madoa ya kijani na kahawia, likiwa na mabawa kwenye mkono wa kulia. "La miaka ya sabini. Halijachezewa. Mabawa yameshonwa na mama wa mtu, ona mishono ilivyokwenda kombo, inapendeza!"

Thelma aliushika mkono wa jaketi kama anavyoshika kila kitu, kwa vidole viwili, akausogeza kwenye mwanga.

Nilikuwa natazama upande wa mikate. Kilichonigeuza ni ukimya wa Thelma. Kidole chake gumba kilikuwa juu ya ncha ya bawa la kushoto, mahali palipokuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na kilikuwa kinapita hapo, kinarudi, kinapita tena. Kisha akashusha macho kwenye mishono. Nusu ilikuwa ya uzi wa kaki. Nusu ilikuwa ya kijani.

"Thelma?" niliita.

Akaigeuza kola. Ndani yake, kwa wino uliofifia, ziliandikwa tarakimu za mwisho za namba ya jeshi, kama askari wote wanavyoandika ili nguo isipotee kwa dobi. Alizisoma kwa midomo bila sauti. Akaporomoka. Sikuwahi kumdaka. Alikaa sakafuni palepale, kati ya meza mbili, na jaketi likamwangukia mapajani.

"Mama wee! Leteni maji!" alipiga kelele Neville.

"Umelitoa wapi?" Thelma aliuliza. Ile sauti yake ya ukumbini haikuwepo. Ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Nimelinunua, Thelma. Kuna nini?"

"Hili liko kaburini."

Jamaa mmoja nyuma yetu alicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku.

"Hili nimelizika," Thelma alisema. "Nimelizika na mdogo wangu ndani yake. Umemchimbua? Neville, mmemchimbua mdogo wangu?"

Sijawahi kuona mtu mkubwa vile akipauka uso vile. Neville alipiga magoti, kitu ambacho goti lake moja halikutaka. "Naapa kwa mama yangu. Nimelipata kwa mama mmoja Farnham, anahamia kwenye nyumba za wazee, anapunguza vitu. Alinikaribisha chai. Alisema ni la marehemu mumewe. Mama mpole tu. Yvonne. Hakunipa ubini, na mimi sikuuliza."

Thelma alilitazama jaketi. Kisha akanitazama mimi. "Walimvua," alisema.

Neville hakutaja habari ya bei. Alisema tu, "Lichukue, nenda nalo," akatusukumia mlango kwa bega lake.

Njiani kwenda Farnham niliendesha polepole kwa ajili ya mvua na kwa ajili yake. Alikuwa amelikumbatia jaketi kama mtoto aliyelala. Nilijaribu kusema pengine kuna maelezo, pengine yalikuwa majaketi mawili. Hakunisikia. "Alilala uchi," alisema tulipofika kwenye taa za barabarani. Nilikuwa nimemsikia akizungumza na lile kaburi. Kila akienda alikuwa akimwambia Desmond ameona mabawa gani wiki hiyo, na kwamba hakuna yanayoyafikia ya kwake.

Yvonne alifungua mlango akiwa na mkanda wa gundi wa kufungia mizigo mkononi, na nyuma yake maboksi mpaka darini. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimebanwa na kibanio cha mtoto. Alimwona Thelma kwanza, akaanza kutabasamu. Kisha akaona kilichokuwa mikononi mwake.

"Wifi," alisema.

"Usiniite wifi."

"Ingia, mvua inanyesha."

"Nitaingia nikishajibiwa. Ulimvua?"

Yvonne alishika fremu ya mlango. Nilidhani atakana. Hakukana. "Ndiyo," alisema. "Ulipotoka wewe kwa watu wa mazishi, niliingia mimi. Niliwapa sweta lake la kazi, wakanirudishia hilo. Ingia, Thelma. Nakuomba."

Nilitegemea Thelma ampige. Sisemi kwa kutia chumvi, mkono ulishanyanyuka. Lakini ulibaki hewani, halafu ukashuka kwenye ukuta, na Yvonne akamshika, tukaingia wote watatu. Viti vilikuwa vimefungwa kwa plastiki. Tukakaa juu ya plastiki.

"Kwa nini?" Thelma aliuliza. "Hukumpenda? Niambie tu hukumpenda, nijue."

"Aliniomba yeye."

"Nani?"

"Desmond. Hospitalini, wiki ile ya mwisho. Alisema, 'Dada atataka nivae jaketi. Mkubalie mbele yake, halafu nitoe humo. Usimwambie.' Aliniapisha, Thelma. Nilimwapia mtu anayekufa."

"Uongo! Aliyapenda yale mabawa kuliko kitu chochote. Mimi niliyashona! Mimi ndiye niliyemwona akicheka!"

"Aliyapenda," Yvonne alisema. "Mpaka siku ya Gordon."

Thelma hakumjua Gordon. Mimi nilimtazama usoni, na niliona kabisa kwamba hajawahi kulisikia jina hilo.

Yvonne alieleza huku akichuna ule mkanda wa gundi, kipande baada ya kipande. Gordon Tibbs alikuwa rafiki wa Desmond, walilala vitanda vilivyopakana kambini. Siku moja ya mazoezi walisimama mlangoni mwa ndege wamefuatana, Gordon mbele, Desmond nyuma. Gordon akaruka. Desmond akaruka. Mwamvuli wa Desmond ukafunguka, akatazama chini, akaona wa Gordon umejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Aliona yote mpaka mwisho, kwa sababu mtu akiwa ananing'inia vile hana pa kugeuzia macho. Alipofika chini akatembea mpaka alipokuwa mwenzake. Alivua jaketi, akamfunika.

"Jaketi hilo," Yvonne alisema. "Lilikaa juu ya Gordon mpaka lori lilipokuja. Halafu wakamrudishia, na wiki iliyofuata wakamwamuru aruke tena amelivaa. Aliruka. Miaka yote tuliyokaa naye, wifi, Desmond alilala mguu mmoja ukiwa nje ya kitanda, unyayo unagusa sakafu. Kiangazi na baridi. Nikimfunika anautoa tena. Aliniambia, 'Nikifa nataka niwe nimevaa nguo za mtu wa ardhini.'"

Nje mtu alikuwa anapiga honi. Thelma alikuwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya kitambaa.

"Mwaka gani?" aliuliza.

"Sabini na nne. Mwezi wa tatu."

"Aliniletea nifue," Thelma alisema.

Yvonne aliacha kuchuna gundi.

"Aliniletea jaketi hili likiwa na madoa kifuani mpaka mgongoni. Nikamuuliza ni nini. Akasema kutu ya lori, amelala chini ya lori. Nikamgombeza!" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Nilimwambia wewe mchafu wewe, huna adabu na kazi ya watu. Nikaliloweka kwenye beseni la kuogea kwa maji baridi na chumvi. Maji yakawa mekundu, nikasema kutu gani hii. Alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, ananitazama. Alikaa pale mpaka nikamaliza. Nikamwambia ondoka, unanizibia mwanga."

Thelma aliliondoa jaketi mapajani kwa ncha za vidole, akaliweka sakafuni, kisha akaona sakafuni hapafai, akaliokota, akasimama nalo, akawa hajui aliweke wapi. Alizunguka nalo katikati ya maboksi. Mwishowe Yvonne alilipokea, akaliweka mezani, akamshika Thelma mabega, na Thelma akatoa mlio ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwake, mlio mfupi, kama wa mtu aliyekanyaga msumari.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Wewe ulikuwa unajivuna kuliko jeshi zima. Alisema hawezi kukunyang'anya."

"Na wewe? Mbona uliliuza, baada ya kulikalia miaka yote hii?"

"Lilikuwa na harufu yake," Yvonne alisema. "Ndiyo maana nililiweka. Mwaka jana nikalinusa, nikakuta halina tena. Ni kitambaa tu. Na huko ninakohamia kabati ni moja." Akafuta pua kwa mkono. "Kaburini nilikuwa nashindwa kwenda. Ningekukuta pale unayasifia mabawa, ningesema nini? Ningekutazamaje?"

Tulirudi Aldershot bila kuwasha redio. Wiki ile Thelma hakutoka nje. Nilimpelekea supu, nikaikuta asubuhi mezani imeganda. Nilimkuta mara mbili amesimama kwenye ujia wake, mbele ya zile fremu, hajawasha taa. Mara ya pili alisema bila kugeuka, "Nimezikagua zote hizi. Nyuzi, gundi, migongo. Sijawahi kuuliza hata moja ilikuwa juu ya nani."

"Ungeulizaje? Kitambaa hakisemi."

"Wenyewe walikuwa wanasema. Wazee wale wa gulioni wanaoleta beji zao. Wakianza kusimulia, mimi nawasha taa."

Nilitaka kumfariji, nikaona afadhali nioshe bakuli.

Aliyeanza kupiga simu ni Yvonne. Alikuwa ameshahamia, chumba kimoja na jiko la kusimama mtu mmoja, na hakujua namna ya kuwasha hita. Thelma alikwenda kumwashia. Alitegemea kukaa kidogo, akarudi jioni. Hakunieleza walizungumza nini, ila siku iliyofuata alikula.

Mwezi wa pili walikwenda kaburini pamoja, mimi nikiwa dereva. Yvonne alikuwa hajawahi kuliona lile jiwe tangu lichongwe. Alisimama mbele yake, mkoba umebanwa kifuani, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Thelma," alisema, "makubwa hivi?"

"Nililipia ukubwa huo."

"Jina lake halionekani! Mtu atadhani amezikwa njiwa."

Niliangalia chini kwa woga. Nilipoinua macho, Thelma alikuwa ameziba mdomo kwa glavu, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Sikuweza kujua analia au anacheka, na nadhani naye hakujua.

"Nitaita fundi ayafute," alisema alipopata pumzi. "Nimeshamuuliza. Anasema atasaga, litabaki bonde."

"Acha. Bonde la nini? Akiamka ajikwae?" Yvonne alipangusa ukungu wa kijani kwenye herufi ya kwanza ya jina. "Aliyapenda siku ile uliyomshonea, si ndiyo? Hiyo nayo ni kweli. Yaache."

Walikaa pale kwenye baridi muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Thelma hakumwambia Desmond habari za beji. Alimwambia, nilimsikia, "Ungenipiga kofi siku ile, mjinga wewe. Ningenyamaza." Kisha akasema kitu kuhusu maji ya chumvi ambacho sikukisikia vizuri, na sikusogea kukisikia.

Gulioni alirudi majira ya kuchipua. Neville alimpisha njia kama waziri. Alijaribu utani wa polisi, ukamfia mdomoni, mpaka Thelma mwenyewe akamwambia, "Endelea basi, usinitazame kama mgonjwa. Nionyeshe uongo wako wa leo." Bado anamulika, bado anazikataa nyingi kuliko anazozikubali. Lakini nimemwona mzee mmoja akimletea mabawa ndani ya bahasha, akianza kusema alirukia wapi, na Thelma akaweka taa mezani, akavuta kiti. Tulichelewa kuondoka siku hiyo. Mikate yote ilikuwa imekwisha.

Kuhusu jaketi, Neville alikataa kulipokea tena, akasema hawezi kulitundika. Yvonne hana nafasi. Limo kabatini kwa Thelma, limekunjwa, halimo kwenye kioo. Thelma na Yvonne waliwatafuta ndugu wa Gordon Tibbs kwa muda, wakaambiwa aliyebaki alihamia ng'ambo na hakujibu barua. Wale wawili hawajui walifanyie nini, na wameacha kujidai wanajua.

Baada ya makaburini siku ile niliwapeleka kwenye mgahawa wa Wanepali karibu na kituo, tukaagiza maandazi ya nyama yaliyopikwa kwa mvuke. Yvonne hakuwahi kuyala. Pilipili ilimtoa machozi, akawa anakunywa maji na kuagiza mengine. Thelma alikuwa amelishika la kwake kwa uma, hajalitia mdomoni, anafikiri.

"Sweta gani?" aliuliza ghafla.

"Sweta gani nini?"

"Ulilowapa. La kazi. Lipi?"

"Lile la bluu, la sufu. Lenye tundu kwenye kiwiko."

Uma ulianguka kwenye sahani. Watu wa meza ya jirani waligeuka.

"Mmemzika mdogo wangu na tundu kwenye kiwiko?" Thelma alisema, kwa sauti ile ya ukumbini, yote. "Mungu wangu, Yvonne! Ungeniletea basi nikashona!"

"Uzi wa bluu ulikuwa nao?" Yvonne aliuliza, mdomo umejaa.

Thelma akaokota uma wake, akaanza kula.